Waya Chini ya Kiti

Burat, Isiolo
11 Februari 2024

Kaka yangu Ekuam,

Tumsifu Yesu Kristu. Ejoka, hujambo? Sisi huku tuko, tunasukuma siku. Mama anakusalimia kutoka Ngaremara. Jicho la kushoto limeanza kumsumbua tena, lakini hataki kusikia habari ya hospitali. Anasema la kulia linatosha kuhesabu mbuzi.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako haiingii tangu kabla ya Krismasi. Tulikuwekea nyama mpaka siku ya tatu, halafu Mama akasema tule.

Sasa jambo lenyewe. Unajua mimi na akina mama wenzangu watano tunakata nyasi za shule hii ya wasichana kwa slasha, huu ni mwaka wa tisa. Uwanja wa mpira, netiboli, njia zote, na ule mteremko mrefu unaoshuka mpaka kwenye laga, lile korongo la maji ya mvua, nyuma ya mabweni. Desemba, msichana mmoja alikanyaga kifutu kwenye majani. Alikuwa amevaa buti, Mungu akamsaidia. Bodi ikaamua inunuliwe mashine ya kukata nyasi, ile ya kukaliwa kama trekta ndogo. Mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniambia, "Judy, wewe ndiye utakayeiendesha. Na atakayeiendesha ataandikwa kazi ya kudumu." Kaka, miaka tisa ya kibarua!

Mhasibu wetu, Bwana Galma, ameonyeshwa mashine mbili. Moja ni mpya, haina usukani, inaongozwa kwa vyuma viwili vya mkononi na inageuka papo hapo. Nyingine ina usukani, ilitumika kwenye kambi ya watalii iliyofungwa. Wananiuliza maoni, na mimi najua slasha tu. Wewe umekalia mashine hizo miaka kumi na moja huko hotelini. Niambie tuchukue ipi, na niiendesheje nisiumie.

Tena Akiru analia. Mume wake, Nangiro, hajapiga simu tangu Novemba. Wewe ndiye uliyemtafutia kazi huko, na mnalala chumba kimoja. Mwambie ampigie mke wake.

Dada yako,
Judy


Limuru
9 Machi 2024

Dada Judy,

Salamu zako nimepata. Barua ilikaa kwa walinzi wiki mbili, au niseme mimi ndiye niliyekaa nayo. Huku ni baridi na ukungu. Niko mzima. Mwambie Mama jicho si la kungojea.

Kuhusu mashine. Ile ya vyuma viwili waachieni wenye viwanja tambarare. Kwenye mteremko, magurudumu ya nyuma yakianza kuteleza huna cha kushika, unabaki kuwa mzigo tu juu yake. Chukueni yenye usukani. Lakini ikiwa ni ya kutumika, isinunuliwe kabla hujaikalia wewe mwenyewe, si Galma. Iwashe, visu vizunguke, halafu inua makalio kidogo kwenye kiti. Chini ya kiti kuna swichi. Ukiinuka, injini lazima izime. Ikiendelea kunguruma, shuka uende nyumbani.

Angalia kama kile kifuniko cha ubavuni panapotokea majani bado kipo. Jiwe likirushwa na kisu linaruka kama la kombeo. Jaribu breki ukiwa umeelekea chini. Uliza kama mikanda na visu vinapatikana Isiolo au Meru, kwa sababu mashine isiyo na vipuri itakuwa kiota cha kuku mwaka ujao. Na pima upana wa geti la uwanja kabla, usicheke, nimeona watu wakivunja ukuta.

Siku ya kukata, tembea kwanza kwa miguu uwanja wote, uokote mawe, waya na mifupa. Watu wote wakae mbali, wasichana wawe darasani. Usimbebe mtu. Ukirudi nyuma, geuza kichwa kabisa uangalie. Petroli tia injini ikiwa imepoa. Kwenye mteremko panda na ushuke wima, kwa gia ndogo, usikate kwa kuambaa, na usigeuze katikati. Mahali ambapo mashine haiwezi kupanda kinyumenyume, hapo ni pa slasha. Nyasi zikiwa na maji, usitoke kabisa. Na ukitaka kushuka, zima visu, vuta breki, ufunguo utie mfukoni, halafu ngoja mpaka kila kitu kinyamaze ndipo uguse.

Namba yangu haifanyi kazi. Andika tu.

Kaka yako,
Ekuam


Burat
2 Aprili 2024

Kaka Ekuam,

Tumsifu Yesu Kristu. Pasaka imepita salama. Mama amekubali kuonwa jicho, baada ya kugonga mlango wa choo na kuugombeza mlango.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nilimsomea pia Tadicha, mwenzangu wa kazi, yule Mborana mrefu niliyekuambia. Akasema, "Ndugu yako anaandika kama mtu anayekimbizwa."

Nilimpelekea Galma. Alisikia neno moja tu, kwamba ni yenye usukani. Wakaichukua ile ya kutumika kabla sijaiona. Ililetwa na lori Jumatano, nyekundu, kiti kimepasuka. Niliikalia, nikainua makalio kama ulivyosema. Ilizima, nikafurahi. Lakini inazima hata nikiwa nimekaa! Gurudumu likiingia shimoni, kiti kinaruka kidogo, na injini inakufa. Uwanja wetu unaujua, mvua zikianza ng'ombe wa watu huingia na kuacha mashimo ya kwato kila mahali. Juzi nilikata mstari mmoja kwa saa nzima huku akina mama wakiniangalia. Galma alisimama hapo mikono mfukoni akasema, "Swichi ya kiti inafungwa kwa waya, Judy. Dakika mbili." Niambie kama ni sawa.

Halafu kuna hili. Nangiro amerudi. Alishushwa barabarani Ngaremara Jumamosi kabla ya Pasaka, akiwa na magongo mawili. Mguu wa kushoto umekatwa chini ya goti. Akiru alipomuuliza alisema, "Niliteleza." Ana barua ya kuachishwa kazi, imeandikwa kwamba alikuwa mzembe na kwa hivyo hana malipo yoyote.

Kaka, ulijua. Umenijibu mpaka upana wa geti, lakini kuhusu mtu mliyelala naye chumba kimoja hukuandika hata mstari.

Judy


Limuru
8 Aprili 2024

Judy,

Usiipande. Swichi hiyo isifungwe. Kama imefungwa, ifunguliwe leo. Galma akikataa, rudi kwenye slasha, na kama kazi ya kudumu itapotea, acha ipotee.

Usiniulize kwa nini.

Nampa barua hii mtu anayepeleka viazi Meru. Ameahidi itafika Isiolo kwa mkono wake. Nisamehe kwa kutosalimia.

Ekuam


Burat
19 Mei 2024

Kaka Ekuam,

Mama hajambo, jicho limetiwa dawa. Mbuzi wawili walichukuliwa na maji ya laga. Mvua za mwaka huu umezisikia.

Barua yako ya Aprili ilinifikia tarehe sita Mei. Barabara zilikatika, mtu wako wa viazi akaiacha dukani mjini na ikasahaulika kwenye droo. Tarehe hiyo nilikuwa nimeshaendesha mashine siku kumi na nne, na waya chini ya kiti.

Sitakuambia nililazimishwa. Galma alisema, "Shule inafunguliwa, unataka wasichana warudi kwenye msitu?" Lakini mimi ndiye niliyemletea koleo la kufungia ule waya. Nilitaka kazi ile. Na ilifanya kazi vizuri, kaka. Nilipita juu ya mashimo yote, haikuzima hata mara moja. Akina mama walipiga makofi.

Tarehe mbili Mei tulipata jua kidogo baada ya mvua. Nyasi zilikuwa bado na maji, nilijua, uliniandikia. Nilikuwa juu kabisa ya mteremko, mahali pa tambarare, majani yakaziba pale ubavuni yanapotokea. Nikashuka kuyatoa. Sikuzima injini kwa sababu asubuhi ilikuwa imenisumbua kuwaka. Nilisahau kabisa kwamba ninapoinuka hakuna tena kitu cha kuvisimamisha visu. Nilikuwa nimejifunga leso juu ya ovaroli kwa ajili ya baridi. Nikainama. Pembe ya leso ikashikwa.

Sikuvutwa kama mtu anavyokuvuta. Ghafla nilikuwa chini tu, uso kwenye chuma cha moto. Nilimsikia Tadicha akitupa reki. Alikimbia, akafika, akazungusha ufunguo. Fundo la leso lilifunguka kabla yake, au wakati uleule, hatujui. Alinishika mabega akaniuliza kwa Kiborana, halafu kwa Kiswahili, "Vidole? Nionyeshe vidole!" Tukavihesabu sisi wawili, kidole kwa kidole, mpaka kumi. Kisha yeye ndiye aliyelia.

Siku nne baadaye barua yako ikaja. "Usiniulize kwa nini." Nikakaa nayo kwenye ngazi za stoo, nikafikiria mguu wa Nangiro.

Jumapili baada ya misa nilienda kwake. Akiru alikuwa ameenda kisimani, tulikuwa sisi wawili tu. Nilimpa barua yako asome. Aliisoma polepole sana kwa barua fupi hivyo. Akanirudishia. Akasema, "Muulize kaka yako waya ulienda wapi."

Sasa nakuuliza. Waya ulienda wapi?

Judy


Limuru
16 Juni 2024

Dada yangu Judy,

Namshukuru Mungu kwa vidole vyako. Msalimie Mama, lakini barua hii usimsomee.

Waya uko kwenye lundo la mboji nyuma ya stoo ya hoteli. Niliutupa mimi.

Mwaka jana mwezi wa nane mashine yetu ilianza kuzima kila ikiruka, kama yenu. Nilimwambia msimamizi mara mbili. Alisema nifanye nijuavyo, nyasi zikatwe. Nikalala chini yake na koleo, nikafunga swichi. Nangiro alipoanza kujifunza, nilimwonyesha ule waya huku nikicheka, nikamwambia hii ndiyo dawa yake. Hakuwa na sababu ya kutoniamini. Mimi ndiye niliyemtoa nyumbani, mimi ndiye niliyemfundisha.

Tarehe ishirini na nane Novemba kulikuwa na harusi. Mteremko ulio chini ya ukumbi ulitakiwa uwe tayari kabla ya wageni. Ilikuwa imenyesha. Msimamizi alinipa mimi kazi hiyo. Mgongo uliniuma, na niseme ukweli, niliuogopa mteremko ule, nikamtuma Nangiro. Nikabaki kwenye waridi. Mashine iliteleza kwa ubavu. Alifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya, akaruka. Kama swichi ingekuwa wazi, visu vingesimama. Havikusimama. Mashine ilimfuata chini.

Nilichana sweta langu nikamfunga. Walimpeleka hospitali na gari la hoteli.

Jioni msimamizi alisema mkaguzi wa bima anakuja kesho, mashine isiguswe. Nikaenda na koleo. Nilikata waya, nikakaa kwenye kiti, nikawasha, nikainuka. Injini ikazima kama siku ya kwanza. Ile swichi iliyokuwa inazima ovyo, siku hiyo ilishika! Kesho yake mkaguzi alifanya hivyohivyo, akainuka, ikazima. Akaandika kwamba mashine ni nzima na dereva alikuwa mzembe. Kulikuwa na upepo. Mimi ndiye niliyemshikia karatasi zisipeperuke.

Nilimtembelea Nangiro hospitali. Aliniuliza mara moja tu, "Umewaambia?" Nikasema nitawaambia. Siku hiyo ndipo nilipozima simu. Kama ningesikia sauti ya Mama, ningesema yote.

Ile barua yangu ndefu ya Machi, yote niliyokuandikia usifanye, ndiyo niliyoyafanya.

Sijui nifanye nini.

Ekuam


Burat
7 Julai 2024

Kaka Ekuam,

Mama ni mzima. Aliniona nasoma barua yako akauliza nalia nini, nikasema moshi. Hatukuwa tumewasha moto. Hakuniuliza tena.

Nikuambie kwanza ya huku. Jumatatu baada ya kwenda kwa Nangiro nilichukua leso yangu iliyochanika nikaiweka juu ya meza ya mwalimu mkuu, kwenye vitabu vyake. Nikamwambia siikalii mashine tena mpaka waya utoke, kazi ya kudumu wampe anayeitaka. Alimwita Galma, wakafunga mlango, nikasikia sauti zikipanda. Baadaye akaletwa fundi kutoka mjini, Robow, mzee mdogo mwenye miwani ya kamba. Aliinua kiti. Springi ilikuwa imeoza kutu, na kiunganishi cha swichi kilikuwa kimelegea. Akatia springi nyingine, akakaza kiunganishi, akaniambia, "Kaa. Ruka." Nikaruka juu ya kiti kama mtoto, injini ikaendelea. "Sasa inuka." Nikainuka, ikazima.

Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo nikimwangalia kazi yote. Haikufika saa moja. Kaka, haikufika saa moja.

Mteremko tumeurudishia slasha. Asubuhi natembea uwanja kwanza na gunia la mawe. Ufunguo haukai kwenye mashine hata nikienda kunywa maji. Kuhusu kuandikwa, Galma anasema tungojee mwisho wa mwaka, na siku hizi ananipita bila salamu. Sawa.

Sasa wewe. Unasema hujui ufanye nini. Unajua. Ukienda kuandikisha maneno hayo kwa afisa wa kazi bila kumtazama Nangiro, utakuwa umejificha nyuma ya karatasi tena. Na ukija kumlilia Nangiro bila kuandikisha, utamwachia machozi yako ayabebe kwa magongo. Yote mawili, na mimi sitakusaidia hata moja. Sitamsomea barua yako. Sitamwambia ulivyo na huzuni.

Nilikuwa na hasira ya kukuandikia maneno mabaya, nikakumbuka ni mimi niliyempa Galma koleo. Kama Tadicha angekuwa amesimama hatua ishirini mbali zaidi, sijui leo nani angekuwa anamwandikia nani.

Fanya haraka. Akiru ameanza kuuza mbuzi.

Dada yako, bado,
Judy


Ngaremara
25 Agosti 2024

Dada yangu Judy,

Usishtuke kuona Ngaremara hapo juu. Niko kwa Mama tangu Alhamisi. Nimemkataza asikuambie, kwa sababu ningekuona wewe kwanza ningepata nguvu zako, na nilitaka niende kwa Nangiro na nguvu zangu tu, ambazo si nyingi. Mama alinishika uso kwa mikono miwili kunitazama na lile jicho zima. Akasema nimekonda. Akanipa maziwa.

Kule Kiambu nilienda kwa afisa wa kazi tarehe tano. Mama mmoja mkali, alinisikiliza huku anaandika, akaniuliza kama ninajua ninachojifanyia. Nikasema najua. Maelezo yalijaa kurasa tatu, nikatia sahihi. Kesi ya Nangiro imefunguliwa upya, ingawa hakuniahidi chochote. Hoteli iliniachisha wiki hiyohiyo. Msimamizi anasema hajawahi kusikia habari ya swichi. Barua ya wakili wao imeshanifikia.

Nilipewa nakala. Ijumaa asubuhi nikaenda nayo.

Nangiro alikuwa amekaa mbele ya nyumba anashona kiatu, kimoja. Akiru aliponiona aliingia ndani akatoka na stuli, nikadhani ni yangu. Akaikalia yeye. Nilibaki nimesimama. Nikasema, "Ndugu yangu, nimekuja." Nangiro akasema, "Nakuona." Nikamwambia nimeandikisha yote. Akaendelea kuvuta uzi mpaka ukaisha.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Waya, nilivyoufunga, nilivyomwonyesha. Mteremko niliopewa mimi nikamtuma yeye. Koleo, lundo la mboji, karatasi za mkaguzi. Akiru aliziba mdomo kwa mkono, maana mume wake hakuwahi kumwambia hata hayo. Nilipofika ukurasa wa pili Nangiro aliinua kidole.

"Rudia hapo."

Nikarudia. "'Aliniita mara moja, lakini nilikuwa nimeziba masikio kwa ajili ya kelele, nikachelewa kusikia.'"

"Mara tatu," akasema Nangiro. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayesahihisha njia. "Ya kwanza hukusikia, ni kweli. Ya pili uligeuka. Ya tatu tulikuwa tunatazamana, Ekuam. Ukasimama."

Dada, nilisimama. Hilo sikuwa nimekuandikia, wala sikuwa nimemwambia yule mama wa Kiambu, na nikuambie kweli, sikuwa nimejiambia hata mimi mwenyewe. Nilisimama kati ya waridi na mkasi mkononi, nikamwangalia, na kitu cha kwanza kilichonijia kichwani hakikuwa mguu wake. Kilikuwa ule waya. Ndipo nikakimbia.

Nilimwambia hivyohivyo, mbele ya mke wake. Kuku walikuwa wanapita kati yetu. Kisha Nangiro akachukua kalamu iliyokuwa mfukoni mwangu, akanipa mkononi.

"Andika hapo. Mara tatu. Na uandike ulisimama, na ulichokuwa unafikiria."

Nikapiga magoti chini, nikaweka karatasi juu ya paja, nikakata ule mstari na kuandika pembeni. Herufi zikawa mbaya. Alisema zisomeke, nikaandika tena juu yake. Nilipomaliza alisoma mwenyewe, midomo ikitembea. Akampa Akiru asome.

Nilimwomba msamaha. Alisema, "Hilo si la leo." Akarudi kwenye kiatu chake.

Nilipofika kwenye ua akaniita. Niligeuka mara moja.

"Hiyo ni nakala tu," akasema. "Ile kubwa iliyoko ofisini bado ina uongo."

Kesho asubuhi naondoka kwenda Kiambu kubadilisha sentensi hiyo. Yule mama ataniuliza kwa nini sikuisema mara ya kwanza, na wakili wa hoteli atakuja kuniuliza kwa ukali zaidi. Nitawaambia nilisimama.

Kaka yako,
Ekuam